Kinachoelea hakishiki gundi

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mchoraji, naishi Langoni, Lamu. Natengeneza picha kubwa za ukutani kwa takataka ninazookota ufuoni upande wa Shela na vipande vya mbao za majahazi ninavyopewa na mafundi. Naunganisha mbao, ndara, vifuniko vya chupa, nyavu na vipande vya tanga, kisha napaka rangi juu. Kazi ikiisha inapendeza, lakini masika yakipita vifuniko huanguka kimoja kimoja, na rangi kwenye mbao hufanya malengelenge na kubanduka. Mteja wa Nairobi amenirudishia picha. Fundi mmoja kanambia nimimine rezini, ile plastiki ya maji inayoganda ikawa ngumu kama kioo, juu ya kila kitu. Rafiki yangu anasema nikifanya hivyo nitakuwa nimeongeza plastiki, nisijiite tena msanii wa mazingira. Nilijaribu pia kuyeyusha plastiki kwenye sufuria uani, harufu ikaniumiza kichwa siku nzima. Na nimepewa kipande cha mwimo wa mlango wa kale, kimechongwa maua, nataka kukiweka katikati ya kazi mpya. Nifanyeje? Au gundi ninayonunua ni mbovu?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na la mwisho, kwa sababu ndilo linalokula pesa zako: gundi si mbovu. Nunua ya bei ghali kuliko zote dukani, vifuniko vitaendelea kuanguka. Na masika unayalaumu bure, au tuseme unayalaumu kupita kiasi. Umechukua vitu vitano, kila kimoja na tabia yake, ukavitendea vyote sawasawa: gundi chini, rangi juu. Kila kimoja kinakukatalia kwa sababu yake mwenyewe, na ukishazijua sababu hizo, sehemu kubwa ya tabu yako itaisha bila kununua chochote kipya.

Tuanze na vifuniko. Weka maji matamu kwenye beseni, tia tone la sabuni, kisha kata kipande kidogo cha kila plastiki uliyo nayo. Kizamishe kwa kidole, uachilie. Kipande cha kifuniko kitapanda juu. Cha jerikani kitapanda. Ile kamba ya buluu ya wavuvi nayo itapanda. Lakini kipande cha ukuta wa chupa ya maji kitazama, cha bomba la PVC kitazama, uzi wa nyavu za nailoni utazama. Vinavyopanda ni plastiki za jamii mbili, polithini na polipropilini, ambazo ni nyepesi kuliko maji. (Povu usilihesabu. Linaelea kwa sababu ya hewa iliyomo ndani yake.)

Sasa jiulize bahari inakuletea nini pale Shela. Inakuletea kinachoelea. Chupa nzima iliyofungwa kifuniko itafika. Ikipasuka au ikijaa maji, inazama, kifuniko ndicho kinachofika peke yake. Bahari imekwisha kukuchagulia, na imekuchagulia zile jamii mbili hasa ambazo hazipatani na gundi.

Hazipatani kwa nini? Gundi, ili ishike, lazima kwanza itandae na kuulowesha uso wa kitu. Tia tone la maji juu ya kifuniko kisafi uliangalie kwa karibu: halitandai, linakaa duara kama ushanga. Plastiki hizi ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni tu, hakuna mahali gundi inapoweza kujikamata. Inakauka juu yake bila kushikana nayo. Mchana plastiki inatanuka kwa joto, usiku inajikunja, na ule utando wa gundi unaachia pembeni kidogo kidogo. Masika yanapokuja, ubao ulio nyuma unavimba kwa unyevu, kilichokuwa kimeachia nusu kinaanguka. Kukwaruza kwa msasa kunasaidia kidogo. Viwandani huupitisha uso wa plastiki kwenye ndimi za moto kwa muda mfupi sana ili uanze kushika wino na gundi. Wewe hapo uani utakunja vifuniko na kuvuta moshi, basi.

Acha kubandika, shona. Unaishi kwenye visiwa ambako watu waliunda mitepe, vyombo vya bahari ambavyo mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari wa chuma, na tanga lake likawa la mkeka. Mshono ule uliuacha ubao ucheze kidogo bila kuvunjika, na ulipochakaa ulikatwa ukashonwa upya. Kazi yako inataka hayo hayo. Toboa kila kifuniko tundu mbili kwa keekee ndogo, ukiwa umetandika kitambaa chini ili kukusanya vumbi lake lisiende mtaroni, kisha kifunge. El Anatsui, Mghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, amejulikana duniani kwa mapazia makubwa ya vifuniko vya chupa za pombe vilivyobanjuliwa na kuunganishwa kwa nyaya za shaba. Havishikwi na gundi, na kwa sababu hiyo kazi zile hukunjwa zikasafirishwa na kutundikwa kila mahali kwa umbo jipya.

Ila usiige waya wake kichwa kichwa. Vifuniko vile ni vya alumini, na alumini ikigusana na shaba kwenye hewa ya chumvi huliwa upesi, pale kwenye tundu ndipo inapoanza. Kwenye jumba la maonyesho lenye hewa kavu si neno. Langoni ni neno. Ukitumia makopo ya soda au alumini yoyote, funga kwa mshipi wa kuvulia au uzi wa kushonea matanga. Vifuniko vya plastiki havina ugomvi huu na shaba.

Ndara ni habari nyingine, nazo nakuruhusu gundi. Nyingi zimetengenezwa kwa povu la EVA, plastiki laini kama mpira, na hilo linakubali gundi ya mafundi viatu vizuri sana, mradi utafuata wanavyofanya wao: osha, kausha, paka pande zote mbili, subiri hadi ukigusa kwa kidole isinate, ndipo ubane kwa nguvu. Watu wengi hubana ingali mbichi. Lingine, povu hili husinyaa likipigwa na joto kwa muda mrefu, kwa hivyo usizipange ndara zikabanana kama unazipenda zibaki zimebanana. Acha nafasi, au kubali kwamba nafasi zitakuja zenyewe.

Sasa mbao, na hapa nitakaa, maana ndipo rangi yako inapokufia. Ubao uliokaa baharini miaka mingi umekunywa chumvi hadi ndani. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu ukifika asilimia 75 hivi, na chumvi ya magnesi, ambayo imo pia katika maji ya bahari, huanza kwenye asilimia 33 hivi. Nani asiyejua kopo la chumvi likiachwa wazi jikoni Lamu linavyolowa? Ndani ya ubao ni mambo hayo hayo. Usiku chumvi inayeyuka; mchana jua linavuta maji, chumvi inaganda tena, na inaganda pale pale chini ya rangi, ikiisukuma juu. Ndiyo malengelenge yako. Pasua lengelenge moja kwa wembe ulielekeze kwenye jua. Ukiona unga mweupe unaometa, ni chumvi. Ukikuta uso wa ubao unateleza na kunuka samaki, basi tatizo ni sifa, yaani mafuta ya papa, nitaifikia.

Dawa ya chumvi ni maji matamu na subira. Ondoa misumari inayotoka, kwa sababu chuma chenye chumvi kitaendelea kula chini ya rangi yoyote utakayopaka, kisha zamisha ubao. Usitumie maji ya kisima cha mjini yenye chumvi yake. Tumia ya mvua au ya jabia, lile birika la kuhifadhia maji ya mvua. Ya bomba yanayotoka kwenye matuta ya Shela yanafaa, lakini hayo ndiyo maji ya kunywa ya mji, sipendi kumwambia mtu ayalowekee mbao. Badilisha maji kila baada ya siku chache. Kujua umefika wapi, chukua kipande cha kioo kilichopakwa rangi nyeusi nyuma, weka tone la maji safi na ubavuni mwake tone la maji uliyolowekea, uyaache yakauke juani. Tone la kwanza litaacha alama hafifu au lisiache kitu. La pili likiacha duara jeupe nene, mwaga, jaza tena. Siku alama mbili zitakapofanana, toa. Ubao mwembamba hautachelewa. Pande nene la mbambakofi linaweza kukuchukua miezi.

Kausha kivulini penye upepo, usikaushe juani, utapasuka. Na usibahatishe ukavu wake. Mpelekee mwenye duka akupimie kwenye mizani kila wiki, uandike uzito nyuma ya ubao kwa penseli. Uzito ukiacha kushuka, umekauka kadiri utakavyokauka Lamu.

Na hiyo sifa: mafundi hupaka mbao za chombo mafuta ya papa ili zisinywe maji, na sehemu inayozama hupakwa chokaa iliyochanganywa na shahamu. Vitu vizuri kwa jahazi, vibaya kwa mchoraji, kwa sababu rangi za maji hazishiki juu ya mafuta. Kwangua, futa kwa kitambaa chenye tapentaini mara kadhaa, na uso ukishakubali tone la maji bila kulifukuza, paka rangi ya mafuta, koti jembamba. Vitambaa vya kufutia usivikunje ukavitupa kona. Mafuta ya aina hii yanapokauka hutoa joto, na rundo la matambara limewahi kuchoma nyumba za watu wengi. Vitandaze nje vikauke kimoja kimoja. Jingine: rangi za boti za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi au shaba. Usizikwangue zikiwa kavu. Lowesha, tumia msasa wa maji, vaa barakoa, kusanya uchafu wote, na asiwepo mtoto wala mja mzito karibu.

Lakini nikuulize, kwa nini unapaka rangi kila kitu? Ndara iliyopauka upande mmoja na kubaki nyekundu pale kisigino kilipoikanyaga imeshachorwa. Ubao wenye matundu ya wadudu wa baharini na alama ya kalafati, ile pamba ya kuzibia nyufa, hauhitaji kuongezewa bahari ya buluu juu yake. Haya ni maoni yangu, wala si kanuni, ila naona kazi nyingi za namna hii zinapoteza nguvu pale msanii anapoficha kitu alichokiokota. Acha maandishi ya kopo yasomeke. Nyuma ya picha andika tarehe na ufuo ulikookota. Hapo tayari umemuonyesha mtazamaji jambo ambalo brashi haitaweza kumuonyesha.

Nikirudi kwa rezini. Fundi wako hakukudanganya. Juu ya meza ndogo ya mbao kavu, ndani ya nyumba, inakaa vizuri na inang'aa. Kwenye kazi yako itaharibu. Ubao wenye chumvi ukifunikwa haupumui, unyevu unabaki ndani, na badala ya kubanduka rangi itabanduka rezini yenyewe kwa mabamba. Rezini ya epoksi hugeuka manjano kwa jua. Vifuniko vitaachia ndani yake vilevile, maana uso wao haujabadilika, na safari hii hutaweza kuvifikia uvitengeneze. Isitoshe ikiwa mbichi inaudhi ngozi, na mwili ukishaikataa mara moja, huikataa daima. Rafiki yako naye ana nusu ya haki. Kijiko cha gundi ya viatu hakimuondolei mtu jina la msanii wa mazingira. Tatizo la rezini ni kwamba inagandisha mbao, plastiki, nyavu na pamba pamoja milele, visiweze kutenganishwa tena. Kazi iliyoshonwa, ikifa miaka thelathini ijayo, mjukuu wako ataifumua: mbao huku, alumini huku, plastiki huku.

Kuna jambo rafiki yako hakulitaja, na mimi naliona kubwa kuliko rezini. Jua huikatakata minyororo ile ya plastiki. Plastiki iliyokaa ufuoni muda mrefu imeanza kufa: ikwaruze kwa ukucha, na ikitoa unga unaofanana na chaki, au ikivunjika badala ya kujikunja, imeshafika. Ukiitundika nje, kwenye ukuta wa hoteli unaoelekea bahari kwa mfano, itamwaga chembe ndogo ndogo mwaka mzima, na upepo utazirudisha kule kule ulikoziokota. Mteja akitaka kazi ya nje, mpe mbao na chuma. Kazi za plastiki ni za ndani, mbali na dirisha lenye jua. Iliyokwisha kutoa unga, ama iweke nyuma ya kioo ama usiitumie kabisa.

Wala usibebe mzigo wa kusema picha zako zinasafisha bahari. Picha moja inaondoa ufuoni kilo chache. Hata jahazi lile la Flipflopi, lililoundwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda na kushushwa majini 2018, lenye urefu wa mita 9 na tani zipatazo 10 za plastiki, likavishwa ndara zipatazo 30,000, halikuundwa ili kumaliza taka. Liliundwa lionekane, na mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja likionekana. Kazi yako nawe ni kuonyesha.

Kuhusu sufuria, acha, leo. Mbao za jahazi lile ziliyeyushwa kwa mashine zenye joto linalodhibitiwa, na plastiki iliyochambuliwa kwanza. Kwenye sufuria huna kipimo, chini inaungua wakati juu bado ngumu. Ukichanganya kipande cha PVC bila kujua, moshi wake una asidi ya hidrokloriki inayochoma mapafu. Uani penye kuta ndefu na nyumba zilizobanana, moshi huo unavutwa na mtaa mzima. Sufuria hiyo isirudi jikoni. Ikiwa tangu siku ile kifua kinabana, unakohoa au pumzi inakatika ukipanda ngazi, nenda hospitali ukamweleze daktari ulichoyeyusha. Kichwa kilichouma siku moja kikapoa hakinitishi. Ukihitaji plastiki iliyoyeyushwa, tafuta wenye mashine uwapelekee yako iliyochambuliwa.

Ule mwimo usiuguse kwanza. Usiuoshe, usiupige msumari, usiukate uingie kwenye fremu. Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946 kuwa vitu vinavyolindwa, na kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Mteja wako akiwa mgeni anayeondoka na picha, anaweza kukamatwa nayo uwanja wa ndege, na wewe ukaingizwa matatani. Halafu Lamu ni mji wa kale ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Mwimo ulitoka kwenye nyumba ya mtu, na pengine nyumba hiyo bado ipo inaudai. Muulize aliyekupa aliutoa wapi, kisha upeleke ofisi ya makavazi hapo Lamu waupime umri. Hapa mimi siwezi kukusaidia kwa maandishi, lazima mtu autazame kwa macho. Wakikwambia ni wa juzi, utumie. Wakikwambia ni wa kale, upige picha au uchore maua yake kwenye kitambaa cha tanga. Magamba ya kasa na matumbawe nayo usiyaguse, hata ukiyakuta yamelala ufuoni.

Na mteja wa Nairobi? Picha yake ndiyo ya kuanza nayo, kwa sababu unajua tayari inapoachia. Fumua vifuniko vyote, hata vilivyobaki. Kwangua rangi, jaribu lile tone la kioo, loweka mbao. Mwambie ukweli kwamba itachukua miezi, na kwamba ubao unakauka vizuri kaskazi ikishashika, kwa hivyo asiitegemee kabla ya Januari au Februari. Nyavu zioshe tu kwa maji matamu, kitambaa cha tanga kikague koga kwenye mikunjo. Nyuma ya picha acha nafasi ya kidole kati ya mbao na ukuta ili hewa ipite. Marekebisho usimtoze, lakini usafiri wa kuirudisha agharamie yeye. Akikataa, mrudishie pesa yake ubaki na picha, utaiuza.